Lubumbashi: Kelele ya pedali isimfanye mwenye gari la zamani asahau breki

Katika barabara za Lubumbashi, kati ya malori ya shaba na magari madogo yaliyotoka Japani, mara moja moja hupita Volkswagen ya zamani, ile inayoitwa Coccinelle. Inapofika kwa fundi, malalamiko ya kwanza huwa ni kelele: pedali ya ambreyaji inalia kila ikikanyagwa. Breki hazilii, kwa hiyo husahauliwa. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Kelele yenyewe mara nyingi haigharimu sana. Fundi huzima injini kwanza, kisha anakanyaga pedali. Ikilia hivyo hivyo, tatizo liko karibu na mguu: ekseli ndogo ya pedali imekauka, au waya wa ambreyaji unakwaruza ndani ya bomba lake. Vumbi la kiangazi cha Katanga huingia humo na kumaliza grisi. Kusafisha na kupaka grisi mpya kunaweza kutosha, lakini waya ulioanza kukatika nyuzi unabadilishwa.

Ikiwa kelele inasikika tu injini inapozunguka na pedali imekanyagwa, beringi ya ambreyaji ndiyo inayoshukiwa. Kuibadilisha kunadai injini ishushwe. Kwenye Coccinelle injini iko nyuma na imefungwa kwa bolti nne, hivyo kazi hiyo haimtishi fundi mzoefu. Mwishoni anapima nafasi ya bure ya pedali: kati ya milimita 10 na 20 kabla haijaanza kusukuma. Ikikosekana nafasi hiyo, beringi mpya nayo itaisha upesi.

Breki ni habari nyingine. Coccinelle nyingi zina ngoma kwenye magurudumu yote manne, na zile za zamani zaidi zina mzunguko mmoja tu wa mafuta ya breki. Maana yake ni kwamba bomba moja la mpira likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa mara moja. Gari hilo lilitengenezwa wakati barabara zilikuwa na magari machache. Leo, kwenye barabara ya Likasi, linaweza kujikuta nyuma ya lori la madini linalosimama ghafla.

Ndiyo maana wapenzi wengi wa magari haya huweka disiki mbele. Volkswagen yenyewe ilifanya hivyo kwenye Coccinelle 1500 mwaka 1966. Disiki hutoa joto haraka kuliko ngoma, na zikilowa mvua hukauka upesi. Lakini kufunga disiki peke yake hakutoshi. Silinda kuu iliyotengenezwa kwa ajili ya ngoma huacha shinikizo dogo ndani ya mabomba. Kwa disiki, shinikizo hilo linaweza kufanya pedi zisiachie, gurudumu likapata moto. Silinda kuu inayofaa disiki, yenye mizunguko miwili, ndiyo inayokamilisha kazi: upande mmoja ukivuja, mwingine bado unasimamisha gari.

Asiye na pesa za disiki bado ana la kufanya. Ngoma za Coccinelle hurekebishwa kwa mkono, na viatu vya breki vikikaa mbali na ngoma, pedali hushuka chini sana. Mabomba ya mpira yaliyozeeka yanaweza kuziba kwa ndani huku nje yakionekana mazima. Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani: DOT 4 mpya huchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka, pedali inakuwa laini na gari halisimami. Kuyabadilisha kila miaka miwili ni jambo la busara. Kuongeza mafuta ya injini mahali pake ni kuharibu mipira yote ya breki.

Coccinelle ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, baada ya zaidi ya milioni 21 kutengenezwa. Inayotembea bado Lubumbashi inastahili kutunzwa. Pedali inayolia inaweza kuvumiliwa mpaka mwisho wa mwezi. Pesa ya kwanza iende kwenye breki, na gari lijaribiwe polepole mahali pasipo watu kabla halijabeba watoto kwenda shule.