Chewa na Mvuvi Ajuaye Kungoja

Katika samaki wote wa pwani yetu, hapana ajuaye kungoja kama chewa. Kolekole hukimbia huku na huko akisaka riziki, lakini chewa hukaa chini mlangoni mwa pango lake, kimya, rangi yake na ya mwamba karibu ni moja. Kaa au samaki mdogo apitapo, yeye hufungua kinywa ghafula, maji yakavutwa ndani pamoja na mpita njia. Kisha hurudi pangoni kana kwamba halikutokea jambo.

Wengi hudhani chewa ni wa huko nje tu, penye mawimbi. Sivyo. Wako chewa wanaokulia katika mikono ya bahari, kama Mtwapa na Mida, kwenye mizizi ya mikoko na mapango ya kingoni, palipo shwari.

Wazee niliowasikiliza ufuoni hawakumwendea kwa pupa. Kwanza waliuangalia mwezi. Siku za bamvua maji ya pwani ya Kenya hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ndani ya mkono wa bahari mkondo huwa mkali. Chubwi haikai chini, na mshipi huchukuliwa. Kwa hiyo walipendelea maji mafu, au ule muda mfupi maji yanaposimama baina ya kujaa na kupwa. Ndoana ilitiwa chambo cha ngisi, ikashushwa mpaka chini, karibu na pango bali si ndani yake.

Hapo ndipo penye elimu. Akiisha kumeza, chewa hurudi mbio nyumbani. Mvuvi asiyewahi kuvuta pima mbili za mwanzo amekwisha chelewa, kwani samaki akiingia pangoni hutanua matamvua na mapezi, akajikaza. Ukishindana naye, mshipi hukatika mwambani. Mjuzi huulegeza, akangoja. Mara nyingine chewa hudhani vita vimekwisha, akatoka mwenyewe. Mngojaji ameshindwa na mngojaji mwenziwe!

Lakini liko jambo la kupima zaidi ya mshipi. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike. Baadhi yao wakiisha kukua hugeuka madume. Basi tukishindana kuwatoa wakubwa, twawaondoa waume na kuacha mji wa wajane. Na tukikokota juya kando ya mikoko, twawazoa na watoto. Nao ni samaki wakuao polepole. Pengo lao halizibiki kwa msimu mmoja.

Mwaka 2001 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku juya na bunduki za kuvulia samaki. Amri ni njema, ila jicho la askari haliwezi kufika kila hori usiku. Anayefika ni mvuvi na imani yake.

Sura An-Nahl yatukumbusha kwamba Mola ametutiishia bahari tupate kula nyama yake, na tupate kushukuru. Ndugu zangu, kushukuru si kula mpaka mwisho. Chewa mdogo aliyenaswa lemani na arudishwe akiwa hai. Na mkubwa mmoja akitosha chungu chetu na cha jirani, wa pili tumwache pangoni mwake.

Wahenga walisema maji yakijaa hupwa. Yaliyokupwa hujaa tena kwa amri ya Mola. Pango lililohamwa halikupewa ahadi hiyo.