Kuta za Ndani: Biashara kati ya Majimbo ya Kanada

Leo tuzungumze habari ya kuta zisizojengwa kwa mawe.

Nchi ya Kanada ina majimbo 10, na kila jimbo lina Bunge lake na Waziri Mkuu wake. Katiba ya mwaka 1867, kifungu cha 121, yasema kwamba mazao na bidhaa za jimbo lo lote zipokewe huru katika majimbo mengine. Ukisoma hivyo utadhani mambo yamekwisha. Basi sikiliza.

Mwezi wa Oktoba, 2012, bwana mmoja mstaafu wa jimbo la New Brunswick aliendesha gari lake mpaka Quebec, ng'ambo ya mto Restigouche, ambako bia ni rahisi kuliko kwao. Akanunua katoni 14 za bia na chupa 3 za pombe kali. Aliporudi polisi walimsimamisha, wakachukua vyote, akatozwa faini pamoja na gharama, jumla dola 292.50. Kwa sheria ya jimbo lake, mtu hakuruhusiwa kuwa na zaidi ya painti 12 za bia isiyonunuliwa kwa shirika la pombe la jimbo.

Huenda wewe hunywi, wala mimi sikushauri unywe. Tazama jambo lenyewe: maduka ni ya serikali, na faida yaingia mfuko wa serikali. Mwenye duka ndiye aliyetunga sheria ya kumzuia mteja asinunue ng'ambo. Mwenye duka wa kawaida hana nguvu hizo. Akiuza ghali, mteja humkimbia.

Bwana huyo alipinga mashtaka, akasaidiwa na Canadian Constitution Foundation, chama kinachotetea uhuru wa raia mahakamani. Mwaka 2016 hakimu wa Campbellton alimwachilia. Lakini tarehe 19 Aprili, 2018, majaji wote wa Mahakama ya juu kabisa walikubaliana kuwa sheria ile ni halali: shabaha yake ni kusimamia pombe, na kuzuia biashara ni matokeo ya kando tu. Mimi naona hoja hiyo ni nyembamba, lakini ndiyo hukumu.

Hivyo jambo likarudi kwa wanasiasa. Nao wana shida yao. Wanaofaidika na ukuta ni wachache, wanajijua, na huenda kubisha hodi kwa Waziri. Wanaoulipia ni wengi, kila mmoja senti kidogo, wala hawana habari.

Serikali nazo huogopa kupoteza mapato, na hofu hiyo si ya kuchekwa, kwani fedha hizo hulipa walimu na waganga. Walakini Alberta, chini ya Waziri Mkuu Ralph Klein, ilianza mwaka 1993 kuwaachia watu binafsi maduka ya pombe, yenyewe ikabaki na biashara ya jumla na mapato yake.

Mwaka 2025, Marekani ilipoongeza ushuru juu ya bidhaa za Kanada, wengi waliamka. Nova Scotia ilitunga sheria ya kupokea bidhaa za jimbo lo lote litakaloipokea hivyo hivyo. Bunge la nchi nalo likatunga yake mwezi wa Juni, lakini hiyo inagusa masharti ya serikali kuu tu. Masharti ya majimbo yamo mikononi mwa majimbo.

Kabla ya somo lijalo, zungumzeni kikundini: kama duka la serikali lingekuwa la jirani yako, ungemkubalia atunge sheria kama ile?