Mgogoro wa stoo Kawempe: Kaeni chini kabla ya kwenda mahakamani

BARABARA ya Bombo inapopita Bwaise na Kawempe, malori yanayoelekea Gulu na mpaka wa Elegu hupishana mbele ya maduka na stoo zilizobanana. Mfanyabiashara wa kutoka Busia au Mutukula akipata stoo hapa hujiona amefika. Kisha siku moja anatokea mtu mwenye hati na kumwambia: uliyemlipa kodi siye mwenye ardhi.

Jambo hilo lina asili yake. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kampala ni ya mailo, mfumo uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Kiwanja kimoja huweza kuwa na wenye haki wawili: mwenye hati na mwenye kibanja. Sheria ya Ardhi ya 1998 inawatambua wote, ila mwenye kibanja akitaka kuuza au kukodisha haki yake lazima apate ridhaa ya mwenye hati.

Wawili hao wakishtakiana, anayeumia ni mpangaji. Zuio la mahakama likitolewa, stoo inafungwa, maharage yanaliwa na fukusi, na riba ya mkopo haingoji hukumu.

Ipo njia nyingine. Katiba ya Uganda, ibara ya 126, inazitaka mahakama zihimize mapatano, na kanuni za mwaka 2013 zinapeleka kesi za madai kwa msuluhishi kwanza. Katiba ya Kenya, ibara ya 159, inahimiza hayohayo. Tanzania nayo, tangu 2021, mabaraza ya kata yamebakiwa na kazi ya kusuluhisha migogoro ya ardhi.

Kwa mfanyabiashara wa Kawempe, hatua ya kwanza ni kuwakutanisha mwenye hati, mwenye kibanja, mwenyekiti wa LC1 na majirani. Nenda na mkataba wa pango na risiti zote. Usidai ushindi; dai mambo matatu: kodi ilipwe kwa nani, mzigo utoke lini, na fedha uliyokwisha kulipa ihesabiwe vipi. Mkielewana, yaandikwe kwa lugha ambayo kila mmoja anaifahamu, yasainiwe mbele ya mashahidi. Kama kesi imekwisha funguliwa, makubaliano yapelekwe mahakamani yawe amri.

Mapatano yana mipaka yake. Hati ya kughushi ni jinai. Hiyo ipeleke polisi. Tena, ukiambiwa mgogoro umalizwe kwa wewe kununua kibanja, na wewe si raia wa Uganda, kataa. Sheria inamruhusu mgeni kukodi ardhi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, haikubadili hilo: matumizi ya ardhi iliyaachia sheria za kila nchi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano bila maandishi nayo ni hivyo hivyo.