Tuwafunze watoto chura, si jina lake tu

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Methali hii kila mwanafunzi nchini anaijua. Ajabu ni kwamba wengi wanaoikariri hawajapata kumtazama chura kwa utulivu hata kwa dakika tano.

Nasema haya kwa ushahidi. Katika mhadhara mmoja niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza mtoto wa chura huitwaje. Walijibu kwa sauti moja: kiluwiluwi. Nilipouliza kiluwiluwi yukoje, mmoja alisema ni mdudu anayegeuka kuwa mbu. Mwingine akasema ni chura mdogo. Yule wa kwanza hakukosea sana, kwani neno hilo hutumika kwa lava wa mbu na kwa mtoto wa chura pia. Lakini hapana aliyeweza kueleza kwa nini viumbe hao wawili walipewa jina moja. Aliyewahi kuwaona wakijinyonganyonga katika dimbwi hapati taabu kukisia.

Kosa si lao. Orodha ya vikembe ilikaririwa miaka mingi kwa ajili ya mtihani wa KCPE, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtihani umekwenda, mazoea yamebaki.

Napendekeza basi kila shule iunde makao ya vyura darasani. Gharama isiwe kisingizio. Fundi wa vioo mtaani aghalabu huwa na mabaki. Yakiunganishwa kwa gundi ya silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na kuachwa hadi harufu iishe kabisa, tayari mna sanduku. Chini tandazeni kokoto safi, kina cha sentimita 4 hivi, ili maji yatuame huko yasiozeshe mizizi. Juu yake wekeni wavu laini usiotiwa dawa, kisha udongo usio na mbolea, uliochanganywa na nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa vyema. Pandeni mimea midogo ipendayo kivuli, tawanyeni majani makavu, na mfudikize kifuu kiwe maficho. Mfuniko uwe wa wavu. Sanduku lisikae juani, maana kioo hunasa joto.

Maji ndiyo roho ya makao haya. Chura hanywi kwa kinywa. Hufyonza maji kwa ngozi, na ngozi hiyo hiyo humsaidia kupumua. Kwa hivyo klorini humdhuru. Tumieni maji safi ya mvua, au ya mfereji yaliyokaa wazi siku moja au mbili. Mkono wenye sabuni au mafuta usimguse. Chakula ni kumbikumbi, nyenje wadogo, na nzi wanaovutwa na ndizi iliyoiva kupita kiasi. Wanafunzi wayatazame macho ya chura anapomeza: hudidimia kichwani yakisaidia kusukuma chakula kooni. Hayo hawatayapata katika kamusi.

Hata hivyo, tusitende mambo kiholela. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 inataka kibali kwa anayefuga mnyama wa mwituni. Mwalimu na aanzie katika ofisi ya KWS iliyo karibu. Kibali kikichelewa, darasa liende dimbwini kutazama. Wala chura asihamishwe kutoka bwawa moja hadi jingine, kwa kuwa ipo kuvu inayoshambulia ngozi ambayo imeangamiza vyura wengi duniani.

Yamkini wapo watakaouliza: chura ana nini hata asumbukiwe hivi? Jirani zetu wa Tanzania wana jibu. Mwaka wa 1996 aligunduliwa chura mdogo wa rangi ya manjano katika korongo la Mto Kihansi, akiishi kwa manyunyu ya maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyaelekeza maji kwingine, manyunyu yakakatika. Mwishoni mwa mwaka wa 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, wakatunzwa katika masanduku yaliyonyunyiziwa maji. Mwaka wa 2009 ilitangazwa kuwa chura huyo ametoweka porini. Mwaka wa 2012 wazao wa wale waliotunzwa walianza kurudishwa Kihansi. Sanduku ndilo lililowaokoa.

Tena chura huyo hana kiluwiluwi. Huzaa watoto ambao tayari ni vyura! Orodha yetu ya vikembe haina nafasi yake.

Walimu wenzangu, muhula ujao anzeni na ombi la kibali na vipande vitano vya kioo. Nanyi wanafunzi, kila mtakachokiona kiandikeni kwa Kiswahili. Mtakapokosa neno, ulizeni wazee. Na likikosekana kabisa, hapo ndipo kazi yetu sisi wanaisimu inapoanza.