David Hume na Msingi wa Serikali

Nguvu ya serikali inatoka wapi? Swali hili si la wasomi peke yao. Kada wa Nyakunguru, au wa kijiji kingine cha Tarime na Serengeti, hulikabili kila mifugo ya wananchi inapoibwa.

David Hume (1711–1776), mwanafalsafa wa Uskochi, alikuwa mtu wa mashaka: hakukubali jambo kwa sababu tu limezoeleka kusemwa. Mwaka 1748 alipinga nadharia kwamba serikali zilizaliwa na mapatano ya hiari kati ya watawala na watawaliwa. Alisema karibu zote zilianza kwa mabavu. Historia yetu ni ushahidi. Mwaka 1886 mabeberu wa Uingereza na Ujerumani waliafikiana mpaka uliowagawa Wakurya, wala iritongo, baraza la jadi la Wakurya, halikuulizwa.

Hata hivyo, Hume aliona kwamba watawaliwa ni wengi na watawala ni wachache. Kwa hiyo mabavu hayatoshi. Serikali husimama juu ya fikra za watu, wakiamini kuwa ina haki na inawafaa. Watu hutii kwa kuwa wanapata ulinzi na haki.

Tuchukue mfano wa sungusungu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wananchi wa Shinyanga na Tabora, wakiwa wamechoshwa na wizi wa ng'ombe na ujambazi, walijipanga kujilinda. Baadaye utaratibu huo ulifika Mara. Wananchi hao hawakukataa utawala. Walijiundia ulinzi pale ule uliokuwapo ulipopungua. Mwaka 1989 sheria iliwatambua.

Lakini zipo nyakati sungusungu waliwaadhibu watuhumiwa bila mahakama. Hapa Hume anatufaa tena. Alikubali kanuni kwamba anayeweka katiba amchukulie kila mtu kuwa anaweza kuwa laghai, ili sheria imzuie. Kanuni hiyo inamhusu mlinzi wa kijiji sawasawa na kiongozi.

Tumsome kwa uhakiki. Hume aliwadharau Waafrika katika maandishi yake, na hakuchambua vya kutosha jinsi wenye mali wanavyotengeneza fikra za wengi.

Wajibu wa kada basi ni wazi. Mkutano wa kijiji usomewe mapato na matumizi. Mtuhumiwa wa wizi afikishwe mahakamani, hata akiwa jamaa wa kiongozi. Imani ya wananchi ikitoweka, bunduki haziwezi kuirudisha.