Si lazima umalize mbu wote ili uishinde malaria

Watu wengi hukata tamaa wanapohimizwa kupigana na malaria. Husema mbu hawamaliziki. Ni kweli, msomaji, hawamaliziki. Lakini hesabu moja rahisi inaonyesha kwamba si lazima uwamalize.

Aliyeianzisha ni Ronald Ross, daktari wa serikali ya Waingereza aliyegundua viini vya malaria ndani ya mbu huko India mwaka 1897. Baadaye alionyesha kwa hesabu kuwa mbu wakipungua chini ya kiwango fulani, ugonjwa hufifia wenyewe. Katika miaka ya 1950 George Macdonald, mtaalamu wa Uingereza, aliichunguza zaidi na kugundua kuwa jambo kubwa ni umri wa mbu.

Kwa nini umri? Mbu akimuuma mgonjwa leo, hawezi kukuambukiza leo. Viini huhitaji siku 10 hivi au zaidi kukomaa mwilini mwake. Sasa chukua mbu 100 waliofyonza viini. Ikiwa kila siku hufa mmoja katika kila 10, baada ya siku 10 watasalia 35 hivi. Wakifa wawili katika kila 10, watasalia 11 tu. Wakifa watatu, hawatafika hata 3.

Hapo ndipo neti yenye dawa inaposaidia. Kila usiku mbu wakija kukuuma, baadhi hugusa dawa na kufa kabla ya viini kukomaa. Hivyo neti yako humkinga hata jirani.

Hata hivyo, hesabu hii imeacha mengi. Huchukulia kuwa mbu wote ni sawa. Kumbe wengine huuma nje jioni, na wengine wameizoea dawa. Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni ya kuitokomeza malaria mwaka 1955, lakini kufikia 1969 lilikubali kuwa hilo haliwezekani kila mahali kwa wakati huo. Hesabu hukuonyesha pa kupiga, haikuhakikishii ushindi.

Kwa hivyo, lala ndani ya neti kila usiku, hata msimu wa kiangazi, na uichomeke vizuri chini ya godoro. Ikitoboka, ishone. Ukipata homa, nenda ukapimwe damu mapema. Mgonjwa aliyetibiwa mapema huwapa mbu viini vichache vya kusambaza.