Tetesi za usajili: kwa nini unamwamini straika kabla hujamwona uwanjani

Kama umewahi kukaa kijiweni Shinyanga mjini au Geita mwezi wa saba, unajua hali inavyokuwa. Ligi imeisha, hakuna mechi, lakini mpira unazungumzwa kuliko hata msimu ukiwa unaendelea. Nani anakuja? Nani anaondoka? "Nimeambiwa na mtu wa ndani kabisa." Kahawa inapoa kwenye vikombe na hakuna anayejali.

Leo nataka tuzungumze kisayansi kuhusu kipindi hiki, na nitaanza na mjomba wangu. Mjomba ni mchimbaji mdogo maeneo ya Nyarugusu, mkoani Geita, na ni Yanga wa kuzaliwa. Mwenzake wa duara ni Simba, naye wa kuzaliwa. Kama hujui kazi ya duara, nikueleze kidogo: mmoja anashuka shimoni kwa kamba, mwingine anabaki juu kwenye winchi. Kwa hiyo unaposhuka, uhai wako uko mikononi mwa yule aliye juu. Watu wawili wanaofanya kazi hiyo hawapaswi kununiana.

Basi katikati ya mwaka 2024 zikaanza tetesi kwamba Clatous Chama, kiungo wa Zambia ambaye mashabiki wa Simba walimwita Mwamba wa Lusaka, anakwenda Yanga. Mwenzake mjomba akacheka. Akasema jambo hilo haliwezekani, akaweka dau: mifuko mitatu ya mawe. Tarehe 1 Julai 2024 Yanga wakamtangaza Chama. Mifuko mitatu ikaondoka.

Ili kuirudisha, akaweka dau la pili, mifuko sita safari hii. Akasema straika mpya wa Simba (simtaji jina, hana kosa lolote) atafunga mabao 15 au zaidi kwenye ligi. Straika alifunga vizuri tu, ila 15 hazikufika. Kabla hata msimu haujaisha, watu wawili waliofanya kazi pamoja kwa miaka tisa walikuwa hawasalimiani. Mjomba akaanza kutafuta mtu mwingine wa kushika winchi.

Hebu tuangalie kilichotokea, hatua kwa hatua. Utaona kwamba yule bwana hakuwa mjinga. Akili yake ilifanya kile ambacho akili yako na yangu hufanya kila siku.

Kikundi kwanza, mpira baadaye

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mwanasaikolojia Henri Tajfel alichapisha majaribio aliyofanya Bristol, Uingereza, kwa wavulana wa shule. Aliwagawa kwenye makundi kwa sababu zisizo na uzito wowote, kwa mfano kwamba huyu kapenda michoro ya msanii fulani na yule kapenda ya mwingine. Kisha kila mvulana akapewa kazi ya kuwagawia wenzake fedha kidogo, bila kuwajua kwa majina. Anajua tu kwamba huyu ni wa kundi lake na yule ni wa kundi lingine.

Wavulana waliwapendelea wa kundi lao. Hilo huenda ungelitarajia. La kushangaza ni kwamba wengi walikuwa tayari kundi lao lipate fedha kidogo zaidi, mradi tofauti kati yao na kundi la pili iwe kubwa. Yaani afadhali sisi tupate saba na wao moja, kuliko sote tupate kumi na tisa au zaidi.

Sasa fikiria furaha ya shabiki wa Yanga siku Simba inapomkosa mchezaji iliyekuwa inamtaka. Yanga haijapata kitu siku hiyo, lakini mtaa mzima unashangilia. Ndiyo hesabu ya wale wavulana wa Bristol.

Na usidhani ushindani wa namna hii ulikuja na mpira. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, zote Dar es Salaam. Usukumani kulikuwa na Bagika na Bagalu kabla ya hapo, makundi mawili ya ngoma yanayohusishwa na waganga wawili waliosifika, Ngika na Gumha. Mashindano yao hufanyika kiangazi, baada ya mavuno. Makundi yanacheza kwa wakati mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi upande wake ndiye mshindi. Ni watu wa lugha moja na mila moja, wakulima wa mpunga na pamba ileile, ila ukiwa Mgika basi Mgalu hajui ngoma. Tena angalia kalenda: msimu wa ngoma hizo unakaribiana sana na dirisha kubwa la usajili. Kazi za shamba zimepungua na watu wana muda wa kubishana.

Kwa hiyo mtu anaposikia tetesi, swali la kwanza linalopita kichwani ni "hii inatufaa sisi au inawafaa wao?" Swali la ukweli linakuja baadaye, kama linakuja. Ndiyo maana yule shabiki wa Simba alizikataa tetesi za Chama. Tuangalie hilo vizuri, kwa sababu wengi tunadhani upofu wa ushabiki ni kuamini uongo tu. Hapana. Ni pamoja na kukataa ukweli unaouma.

Ukisikia mara tatu, inakuwa kweli

Mwaka 1977 watafiti watatu wa Marekani, Hasher, Goldstein na Toppino, waliwapa wanafunzi orodha ya kauli, nyingine za kweli na nyingine za uongo, wakawaomba waseme wanaziamini kwa kiasi gani. Wakafanya hivyo mara tatu, wakiacha wiki mbili katikati ya kila kikao. Baadhi ya kauli zilirudiwa kila mara. Matokeo: zilizorudiwa ziliaminiwa zaidi kadiri vikao vilivyoendelea, ziwe za kweli au za uongo.

Sababu yake ni rahisi. Jambo ulilokwisha kulisikia linapita kichwani bila kukwama, na akili hutafsiri wepesi huo kuwa ni dalili ya ukweli. Sasa tetesi ya usajili unaisikia asubuhi redioni, saa nne kwenye bodaboda, mchana kwenye kundi la WhatsApp, jioni kijiweni. Unahisi umepata mashahidi wanne. Kumbe wote wanne wamenywa kisima kimoja.

Halafu kuna mbio. Mwaka 2018 watafiti wa chuo cha MIT walichapisha uchunguzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa Twitter na watu kama milioni 3 kati ya 2006 na 2017. Habari za uongo zilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi kwa asilimia 70 wa kusambazwa na wengine kuliko za kweli. Na wasambazaji wakuu hawakuwa roboti, ni watu. Watafiti walieleza kwamba za uongo zilikuwa ngeni zaidi masikioni, na ugeni ndio unaotufanya tubonyeze kutuma. Hebu pima mwenyewe: "mazungumzo ya mkataba yanaendelea" na "straika ametua usiku kwa siri", ipi utaituma?

Straika ni kama jiwe la sampuli

Tuje kwenye dau la pili, lile la mabao 15. Hapa wachimbaji wana elimu ambayo mashabiki wengi hatuna.

Dhahabu haijatawanyika sawasawa ndani ya mwamba. Ukiokota jiwe moja lenye chembe inayong'aa, ukalitwanga, ukaliosha kwenye karai, unaweza kuona utajiri ambao haupo kwenye mwamba wote. Ukiokota jiwe la pembeni yake, unaweza kukosa kabisa. Wanajiolojia wanalijua tatizo hili vizuri: sampuli ikiwa ndogo, chembe moja inadanganya hesabu nzima. Dawa yake ni kuchukua mawe mengi kutoka sehemu tofauti na kuyapima yote kabla hujauza ng'ombe ununue mashine.

Mabao nayo ni hivyohivyo. Ni machache, na yanakuja kwa vipande. Tuseme straika fulani uwezo wake halisi ni mabao 12 kwa msimu wa mechi 30. Tukitumia hesabu ya uwezekano iitwayo ya Poisson, ambayo inafaa kwa matukio machache yanayotokea bila ratiba, tunapata kwamba msimu mmoja anaweza kumaliza na 9, mwingine na 15, bila yeye kubadilika chochote. Nafasi ya kufikisha 17 au zaidi ni kama 1 kati ya 10.

Ndogo, sivyo? Lakini weka mastraika 10 wa kiwang hicho hicho kwenye ligi moja. Nafasi kwamba angalau mmoja wao atafikisha 17 inapanda hadi takribani asilimia 65. Huyo mmoja ndiye atakayeandikwa magazetini, ndiye klabu zitakayemgombea, na ndiye utakayemwekea dau. Ana kipaji, hilo halina ubishi. Ila umemnunua siku jiwe lake liling'aa.

Msimu ujao uwezo wake unabaki uleule wa 12, na bahati haihamishwi na mkataba. Wengi wa namna hii watashuka kuelekea wastani wao, na sisi kijiweni tutasema "amelewa sifa" au "amerogwa". Na lile dau la mabao 15? Kwa straika wa 12, nafasi ya kufikisha 15 haifiki 1 kati ya 4. Mifuko sita kwa mifuko sita, kwa nafasi hiyo, ni biashara ambayo yule bwana asingeikubali hata siku moja kwenye mawe.

Timu nazo zinaumwa ugonjwa huo. Geita Gold ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2021/22. Msimu huohuo George Mpole akachukua kiatu cha dhahabu kwa mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja, na timu ikamaliza nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Geita ilikuwa haishikiki. Mwisho wa msimu wa 2023/24 timu ikashuka daraja. Shinyanga tunaijua hadithi hiyo: Stand United, Chama la Wana, ilipanda mwaka 2014 ikashuka 2019, na Mwadui, timu ya mgodi wa almasi, ikashuka 2021. Kushuka kuna sababu nyingi, fedha zikiwa mojawapo, na sitaki kusema zote ni bahati. Ninachosema ni kwamba msimu mmoja mzuri ni sampuli moja.

Kabla ya kuweka dau

Ukisikia tetesi, jiulize maswali matatu. Kwanza: chanzo ni kimoja au vingi? Fuatilia nyuma, mara nyingi watu kumi wananukuu mtu mmoja. Pili: kama habari hii ingekuwa inahusu mtani wangu, ningeiamini kwa urahisi huu? Ligeuze jina la timu kisha usome tena. Tatu: nimeona misimu mingapi ya mchezaji huyu? Mitatu ni bora kuliko mmoja, na kumtazama mechi nzima ni bora kuliko video ya dakika mbili, maana anayekata video hakuwekei mashuti yaliyopaa.

Bado kuna swali la mjomba na winchi. Mwaka 2005 Mark Levine na wenzake, Chuo Kikuu cha Lancaster, walichapisha jaribio kwa mashabiki wa Manchester United. Shabiki akiwa njiani, mtu anakimbia mbele yake, anaanguka na kujifanya ameumia. Wale waliokuwa wametoka kuzungumzia mapenzi yao kwa Manchester walimsaidia zaidi aliyevaa jezi ya Manchester. Aliyevaa ya Liverpool hakupata zaidi ya aliyevaa shati la kawaida. Kisha jaribio likarudiwa, ila safari hii mashabiki waliombwa wazungumzie kwanza upenzi wao wa mpira kwa ujumla. Sasa aliyevaa Liverpool naye akasaidiwa, karibu sawa na wa Manchester. Aliyesaidiwa kidogo kuliko wote ni wa shati la kawaida.

Yaani mstari kati ya "sisi" na "wao" unaweza kuchorwa upya, na haichukui siku nyingi. Inategemea ni lipi mmetangulia kulizungumza.

Nilimweleza mjomba jaribio hili kwa simu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo niongee naye habari za mawe, siyo za mpira." Nikamwambia ndiyo, mjomba, hata kama ni kidogo. Sijui kama ni sayansi yangu au ni kwamba kijana mpya wa winchi alikuwa anasinzia kazini, lakini wiki ya pili mwenzake alirudi kushika kamba. Wanabishana bado, dirisha likifunguliwa ndiyo usiseme. Dau sasa ni soda.